Rimoti iligoma, nikakuta jina la mwanamke ndani ya TV yangu

Wakuu, nawasalimu wote, wa kusoma kimyakimya na wale wa kuja na kejeli.

Hii siyo chai. Ningekuwa natunga ningejipa nafasi nzuri kuliko niliyopata humu. Yamenikuta mwenyewe hapa Karatu, na akina mama wa jumuiya yetu ni mashahidi, bahati mbaya sana.

Majina ya watu nimebadilisha. Jina moja tu nimeliacha kama lilivyo, mkifika mwisho mtaelewa kwa nini mwenyewe hawezi kunishtaki.

Mimi ni Mwiraqw, kwetu Endabash, nashona nguo hapa mjini. Mume wangu tumwite Lemayani. Ni Mmasai wa Malambo, dereva wa watalii, anashinda kreta na Serengeti. Tumefunga ndoa kanisani, huu ni mwaka wa nne, na mtoto hatujajaliwa bado.

Hilo la mtoto naliweka mapema maana bila hilo mtaniona chizi.

Ukiolewa Umasaini na hujazaa, kila ndugu wa mume akikohoa unadhani anataka kuleta hoja. Baba zake wadogo wana wake wawili, watatu. Siku ya harusi mmoja wao alinitazama akasema kwa utani, "Huyu wa kwanza mzuri." Watu wakacheka. Mimi hilo neno "wa kwanza" nimelala nalo mpaka juzi.

Halafu kuna mama mkwe. Namwita Yeyo, ndiyo mama kwa Kimasai. Kila akipiga simu ananiita "Pakiteng!" Siyo jina langu, wala sikujua maana yake. Sikuwahi kuuliza. Moyoni nilishajiambia maana yake ni mgumba, nikaogopa kuuliza nisije nikajibiwa.

Haya, twende kwenye rimoti.

Msimu wa maharage nilikwenda Endabash kumsaidia mama kuvuna. Kabla ya kuondoka nikapendezesha sebule. Vitambaa vipya nilivyofuma mwenyewe, na maua ya plastiki kwenye chombo kizuri cha udongo, nikayaweka mezani katikati, mbele ya TV pale chini. Nikamwambia Lemayani yasiguswe. Ni mtu wa kuingia ndani na vumbi la kreta mwili mzima, nilikuwa na haki yangu.

Niliporudi, yeye alikuwa ameshaondoka na wageni. Nikaoga, nikachemsha chai, nikajitupa kwenye kochi, nikabonyeza rimoti.

Kimya.

Nikabadilisha betri. Kimya. Nikazitoa, nikaziuma kama tulivyofundishana utotoni, nikazianika dirishani, nikapigapiga rimoti kwenye kiganja. Kimya.

Nikaingia mtandaoni nikajifunza kitu ambacho wengine humu hamkijui. Washa kamera ya simu, elekeza kichwa cha rimoti kwenye kamera, bonyeza kitufe chochote. Ukiona kwenye skrini kamwanga kanawaka, rimoti yako ni nzima. Kamera ya nyuma ikikataa jaribu ya mbele.

Kangu kakawaka vizuri tu. Kwa hiyo rimoti nzima, mgonjwa ni TV.

TV yetu ina kitufe kimoja kwa chini, unakisukuma huku na huku badala ya rimoti. Nikapenyeza mkono nyuma ya maua nikaingia nacho kwenye settings, nia yangu nifanye reset. Njiani nikapita kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa.

Kulikuwa na jina moja tu.

NANYOKIE. Simu. Na ilipotumika mara ya mwisho, mimi nilikuwa Endabash.

Wakuu, nilikaa sakafuni.

Fikirieni wenyewe. Simu haiunganishwi na TV hivihivi, lazima iingie kwanza kwenye ruta ya nyumbani. Na password ya ruta yetu ni jina langu. Yaani kuna mwanamke alikaa kwenye kochi langu akaandika jina langu, herufi moja moja, ili aingie kwenye TV yangu.

Nikamwona kabisa. Miguu yake juu ya stuli yangu. Nikaangalia walichokuwa wanatazama, nikakuta ni mpira mtupu. Roho ikaniuma zaidi. Mimi mpira siupendi, Lemayani huwa anatazama peke yake. Kumbe kapata wa kutazama naye.

Jirani yetu kuna lodge, na mlinzi wake ni mzee wa Kimasai kutoka Enguserosambu. Nikamfuata, nikajifanya napita tu.

"Mzee, Nanyokie maana yake nini?"

"Nyekundu," akasema. "Ya kike."

"Ni jina la mtu?"

"Ya kike," akarudia, akaendelea kukoroga chai yake.

Nyekundu! Sasa mtu mwekundu huku kwetu ni yule mweupe wa kung'aa. Mimi ni mweusi wa kweli, nimechukua rangi ya baba. Nilirudi nyumbani nikasimama mbele ya kioo muda mrefu, nikajitazama vibaya. Usiku huohuo nikamfuta Nanyokie kwenye TV.

Lemayani aliporudi sikusema kitu. Nikajikaza kisabuni. Alikuwa amepitia kwao Malambo akaniletea samli, akanikabidhi na utani wake wa siku zote: "Hii ya ng'ombe wako." Huwa nacheka. Siku hiyo nikaiweka kabatini bila asante.

"Fundi wa rimoti hujampata bado?" akauliza.

"Muulize anayeitumia TV."

Akanitazama, akaona labda nimechoka na cherehani, akaenda kulala.

Kuna mtu atasema si ungemuuliza tu. Ndugu yangu, mwenye wivu haulizi, anakusanya. Nilitaka niwe na ushahidi wa kujaza gunia.

Na ukaja. Siku aliyopumzika nyumbani, mimi nikashinda kibandani kwangu nashona. Jioni narudi, naingia kwenye settings, Nanyokie huyo karudi. Mchana kweupe! Nikanusa mto wa kochi. Nikakagua vikombe. Ni msafi, hakuacha hata unywele. Nikamchukia kwa usafi wake pia.

Nikamfuta tena.

Basi ikafika zamu ya jumuiya kusali kwangu. Akina mama wamejaa sebuleni, wengine kwenye mkeka. TV ilikuwa inawaka, kwaya inaimba, tunasubiri waliochelewa. Nje nikasikia gari la Lemayani linaingia. Mwenyekiti wetu, mama mnene mwenye miwani, akaniambia, "Zima basi tuanze." Ndipo niko kwenye kuhangaika kupenyeza mkono nyuma ya maua nikafikie kile kitufe.

Kwaya ikafunikwa na maandishi makubwa.

"Nanyokie inaomba kudhibiti TV hii. Ruhusu. Kataa."

Mwenyekiti akarekebisha miwani akasoma kwa sauti, kama anasoma somo la kwanza kanisani. Kisha akaniuliza, "Nanyokie ndiyo nani?"

Nikabonyeza Kataa. Ikarudi.

Kataa. Ikarudi.

"Huyu ana kiburi," mmoja akasema kutoka kwenye mkeka.

"Lisemwalo lipo," mwingine akamnong'oneza mwenzake, mnong'ono wa kufika Mang'ola. Maana yake walishanisema kabla. Jasho likanitoka na baridi yote ya Karatu.

Nikasema huyu mwanamke yuko hapa hapa, pengine nyuma ya ukuta, ananikejeli mbele ya jumuiya. Nikatoka mbio, rimoti mkononi, nimkute getini.

Getini hapakuwa na mtu. Kando ya gari alikuwepo mume wangu peke yake, vumbi mpaka kwenye kope, simu sikioni, anaongea Kimasai na mama yake. Anacheka. Kimasai sikijui, ila hilo jina nilishalijua. Nanyokie. Akalitaja tena. Na tena.

Akaniona. Wakuu, uso wa yule mwanaume sijawahi kuuona unang'aa vile, labda siku ya harusi.

"Nanyokie amezaa!" akaniambia. "Wa kike! Yeyo kapiga sasa hivi."

Dirishani akina mama wote walikuwa wamesimama. Hata yule mwenye goti bovu.

"Amezaa," nikasema.

"Salama kabisa. Nikipata nafasi twende ukamwone."

"Mimi nikamwone?"

"Sasa nani mwingine? Si wako?"

Nikamrushia rimoti. Ikampata begani, kifuniko kikaenda huku, betri kule. Nikaingia ndani kupitia mlango wa jikoni, nikatia nguo kwenye begi, nikatoka hukohuko. Sala ya jumuiya sijui iliishaje. Nilipanda pikipiki mpaka stendi, na jua halijazama nilikuwa kwa mama Endabash.

Njiani kote nilikuwa nalirudia neno moja. Amezaa. Angekuwa mchepuko wa kawaida ningepigana naye. Lakini huyu alikuwa amefanya nilichoshindwa mimi, na mume wangu ananiletea habari akicheka, ati mtoto ni wangu, nikamlee.

Mama alinipokea kwa tabia yake, akanipa ungo nipepete maharage kwanza. Ungo ulipokaribia kwisha ndipo nikamwaga yote.

"Umemwona huyo mwanamke?" akauliza.

"Sijamwona."

"Umemuuliza mumeo?"

"Nimuulize nini mama, na TV imesema mbele ya watu?"

Akapuliza makapi. "Enzi zetu ukishikwa na wivu ulikuwa unamuuliza mtu. Nyie mnauliza kioo."

Nikaona mama naye hanielewi, nikaenda kulala na hasira zangu.

Lemayani alipiga mpaka simu ikaisha chaji. Nikaichaji, nikakuta ujumbe. "Kosa langu nini? Kama ni TV nitaleta fundi." Wa pili ulisema bega linauma ila siyo sana. Sikujibu hata mmoja.

Asubuhi akapiga Yeyo.

Mume unaweza kumkatia simu. Mama mkwe humkatii, hata kama nyumba inaungua. Nikapokea.

"Pakiteng!" akaita kwa furaha.

Hapo nikapasuka. Nikasema Yeyo, leo niambie, hilo neno mnaloniita kila siku ni tusi? Maana yake mgumba?

"Mgumba nini?" Hakulijua neno.

"Mwanamke asiyezaa."

Nikasikia mbuzi wanalia nyuma yake. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nani nasema hiyo? Mimi naita wewe Pakiteng sababu mimi napa wewe ng'ombe. Wewe napokea. Sasa mimi naita wewe Pakiteng, na wewe naita mimi Pakiteng. Ni heshima. Lakini wewe siku zote naita mimi Yeyo tu. Mimi nasema moyoni, huyu mtoto nakataa ng'ombe yangu."

"Ng'ombe gani, Yeyo?"

"Ile nyekundu. Nanyokie. Jana nazaa."

Wakuu, niliishika ile simu kwa mikono miwili.

Sasa ngoja niwarudishe siku ya harusi. Baada ya kanisa tulipelekwa Malambo. Kufika kwenye boma, kila hatua wananisimamisha. Natembea kidogo, wanaimba, mtu anasema kitu kwa Kimasai, wananitazama. Mimi nimevaa viatu vya visigino virefu kwenye samadi, vidole vinawaka moto. Nikadhani wananisalimia. Nikawa naitikia kwa kichwa tu ili tufike.

Kumbe bibi harusi kwao hatakiwi kuingia kirahisi. Anasimama, anagoma, mpaka aahidiwe mifugo. Wenzangu hugoma kwelikweli. Mimi niliahidiwa ng'ombe na Yeyo, nikaitikia kwa kichwa mara moja, nikapita. Wale wazee lazima walisema mke wa Lemayani hana tamaa kabisa.

Na ile samli "ya ng'ombe wako" ilikuwa ya ng'ombe wangu kweli. Miaka yote hii nacheka.

Nikampigia Lemayani. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia mwisho.

"Nanyokie ni ng'ombe?"

"Ni ng'ombe ndiyo. Ulidhani nani?"

Nikamwambia nilidhani nani. Akacheka mpaka nikasikia anajishika bega, "aa, aa." Nikamkatia simu. Nikalia kidogo, nikanawa, nikapanda gari la kurudi Karatu.

Nyumbani akanieleza la simu. Pale wanapolala madereva, wote wana simu za aina moja, wakitumiana picha za wanyama zinakwenda kwa mtu mwingine. Wakakubaliana kila mtu aipe simu yake jina. Mwenzake mmoja kaweka timu yake ya mpira. Yeye kaweka ng'ombe wa mke wake.

"Kwa nini hukuweka jina la mke wako?" nikamuuliza. Nisamehewe, nilikuwa bado sijapoa.

"Jina lako niliweka kwenye ruta," akasema.

Na kwa nini alikuwa anatumia simu badala ya rimoti? Kwa sababu rimoti iligoma nilipokuwa Endabash, akaweka app ya kuendeshea TV, basi. Hata siku ya jumuiya alituona dirishani tunahangaika, akataka kutusaidia kuzima. Alipokuwa anashangaa kwa nini TV inamkataa, mama yake akapiga.

Fundi hatukuita. Siku ya pili napangusa vumbi, nikainua chombo changu cha maua, rimoti, nimesharudishia betri, iko mkono wa pili, nikaibonyeza bahati mbaya. TV ikawaka.

Nikarudisha maua. Ikagoma.

Nikayatoa. Ikakubali.

Kile kijicho kidogo kwenye ukingo wa chini wa TV, kinachopokea mwanga wa rimoti, nilikuwa nimekiziba na chombo cha udongo kwa mkono wangu. Lemayani akasema na yeye alishuku, ila niliagiza maua yasiguswe, na ananijua.

Kwa hiyo wakuu, funzo la ufundi ni hili. Rimoti ikigoma, kabla hujanunua betri, kabla hujaingia settings na kukutana na watu, angalia mbele ya TV umeweka nini. Kitambaa, maua, picha ya kipaimara, chochote. Toa.

Funzo lingine mama yangu ameshalisema kwenye maharage, sitalirudia.

Kabla sijafunga, tulikwenda Malambo. Tukapita geti la hifadhi, tukazunguka juu ya kreta, tukashuka upande wa pili mpaka vumbi likabadilika rangi. Sikuvaa visigino. Yeyo alinipokea bomani, nikamwita "Pakiteng" kwa sauti ili wote wasikie, akanishika uso kwa mikono yake akaniombea kwa Kimasai. Nilisikia neno moja nililoelewa, Enkai, yaani Mungu, na nikajua anaomba nini. Safari hii sikuogopa.

Halafu wakanipeleka kwa Nanyokie.

Ni mzuri, sitawaficha. Mwekundu anang'aa, macho makubwa yana wanja wa asili, na ndama wake rangi ileile amesimama chini ya tumbo. Nikamsogelea, nikamwita kwa jina lake, taratibu, kwa upendo wote. Mimi ndiye mwenye mali.

Akaendelea kula majani.

Nikamwita tena. Akapunga mkia, akanipa mgongo.

Lemayani alikuwa amesimama mbali huko, anaongea na ndugu zake. Akapiga mluzi mmoja tu, wala hakumtazama. Nanyokie akainua kichwa, akaacha majani, akaacha hata mtoto, akamwendea mbio akamwekea shingo kwenye lile bega nililolipiga na rimoti.

Na yeye akawa anamkuna huku anamwongelesha kwa sauti ambayo mimi huwa naisikia usiku tu.

Kwa hiyo wakuu, msinipongeze kwamba nimepona wivu. Ushahidi wa kwenye TV niliufuta mimi mwenyewe, lakini huu nimeuona kwa macho yangu.

Wenye uzoefu wa kuishi na ng'ombe wa aina hii karibuni mnishauri, na wenye rimoti zilizogoma leteni dalili tusaidiane.